Nani kakwambia kamera haikupendi?

Wiki hii naomba tuongee habari ya sura. Usikimbie, sizungumzii vipodozi. Nazungumzia ile sentensi ambayo mimi, kama mpiga picha, naisikia karibu kila siku anayoileta Mungu: "Dada, nakwambia mapema kabisa, mimi picha hazinipendi."

Anaisema mama wa miaka hamsini. Anaisema binti wa chuo aliyejipamba mpaka barabara nzima imegeuka. Anaisema braza mwenye kifua kama mlango wa benki. Wengine wanaisema huku wanacheka, lakini ukiwatazama machoni unaona hawatanii. Wameamini. Miaka nenda miaka rudi mtu anaangalia picha zake za kipaimara, za harusi za watu, za kitambulisho, anaona kanuna, shingo imekaza, macho yametoka kama kaona nyoka chumbani. Anahitimisha kwamba Mungu kampunja.

Mimi nasema hivi: sijawahi kuona sura ambayo kamera haiipendi. Nimeona watu walioogopeshwa tu. Na aliyewaogopesha, mara nyingi, ni huyo huyo aliyeshika kamera.

Nijitambulishe kidogo kwa wageni wa safu hii. Nilimaliza Form Four mwaka 2018, Form Five sikwenda. Mjomba wangu ana studio ya picha huku Temeke, fremu moja tu. Upande huu kuna kitambaa cha bluu kwa ajili ya paspoti saizi, upande ule kitambaa cha kijivu kwa wanaotaka kuuza sura. Nilianza kwa kushika mwavuli wa taa, nikahamia kupanga viti, leo picha nyingi za watu zinapita mikononi mwangu. Maneno ya gazetini ni ya kuongezea mboga.

Pamoja na hayo, mteja akiingia ananiangalia mimi, halafu anaangalia nyuma yangu. "Mpiga picha yuko wapi?" Ndiye huyu, kaka, karibu ukae. Anakaa kwa mashaka. Simlaumu. Na mimi kila siku ninapimwa kwa macho kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo najua vizuri mtu anajisikiaje akiwa mbele ya lenzi. Kupimwa kwa macho si kitu kitamu.

HOFU HII ILITOKA WAPI?

Tuanze mbali kidogo. Picha ya kwanza kabisa ya uso wa mtu ambazo bado tunazo ni pamoja na ile ya Robert Cornelius, Mmarekani wa Philadelphia, aliyejipiga mwenyewe mwaka 1839. Enzi hizo kamera ilikuwa inakula mwanga taratibu kama bibi anayekula karanga kwa fizi. Ilibidi ukae bila kutikisika muda mrefu, ukijigusa tu picha imeharibika. Studio za miaka ile zilikuwa na chuma maalumu cha kushikilia kichwa cha mteja kwa nyuma asitikisike. Sasa wewe nakuuliza, nani atacheka na chuma kisogoni?

Chuma kile kiliondoka zamani. Lakini desturi ya kukaza ilibaki. Angalia picha za mababu zetu: kakaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, anaangalia mbele kama anasomewa hukumu. Siku hiyo ilikuwa siku kubwa, huenda ndiyo picha yake pekee maishani, alistahili kuwa makini.

Sisi wa leo tuna simu zenye kamera mbili tatu, lakini bado tunakaza. Kwa nini? Kwa sababu mara ya kwanza wengi wetu kukaa mbele ya kamera ya mtu tusiyemjua ilikuwa ni kwa amri. Fomu ya shule, kitambulisho, paspoti, leseni. "Kaa wima. Usicheke. Toa miwani. Haya, mwingine!" Kichwa kimejifunza kwamba kamera ni jambo la ofisi, na ofisini watu huwa hatuchekicheki.

Halafu unakwenda studio unataka picha nzuri ya siku yako ya kuzaliwa, unakutana na bwana mmoja anafoka: "Cheka sister! Cheka basi! Mbona umenuna?" Jamani. Kuna mtu amewahi kucheka kwa kuamrishwa? Kinachotoka pale ni meno tu.

DAKIKA KUMI ZA KWANZA

Siri yangu ya kwanza haina uhusiano wowote na kamera. Mteja akiingia, kamera iko mezani, imezimwa. Ninamsalimia kwa heshima yake. Mzee ni shikamoo, na nasubiri marahaba yangu. Wa rika langu ni mambo, poa. Nampa kiti, maji kama yapo, namuuliza katokea wapi na foleni ilikuwaje. Mtu wa Dar umuulize habari ya foleni halafu akose la kusema? Haijatokea.

Hizo dakika kumi si za kupoteza muda. Wakati anaongea namwangalia. Ninaona akifurahi anainamisha kichwa upande upi, mikono yake anaipeleka wapi, jicho lipi linakuwa dogo akicheka. Na yeye anaizoea sauti yangu. Nikija kunyanyua kamera, tayari tunafahamiana.

Siri ya pili: usinyamaze. Wapiga picha wengi wana tabia ya kupiga, kuangalia kioo cha kamera, kukunja uso, kupiga tena, kukunja uso tena, kimyaa. Ukikunja uso kwa sababu taa inakusumbua, mteja anajua umekunja uso kwa ajili ya pua yake! Pale pale shingo inakaza. Mimi nasema kwa sauti: "Taa hii inanitania, subiri niisogeze, wewe uko sawa." Maneno machache tu, lakini unaona mabega yanashuka.

Nikipata picha moja iliyokaa vizuri, namwonyesha katikati ya kazi. Nyingi anazipenda. Akiona ile moja anasema, "Ah! Kumbe?" Kuanzia hapo anaacha kunipigania. Kazi inakuwa yetu wawili.

MIKONO NIIWEKE WAPI?

Hili ndilo swali la taifa. Mtu ana mikono yake tangu kuzaliwa, hajawahi kuhangaika nayo, mwambie simama nikupige picha, ghafla mikono imekuwa mzigo wa kuazima.

Dawa ni kuipa kazi. Fundi seremala ashike randa yake. Mama lishe ashike mwiko. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kutaka picha ya kumtumia mchumba, kasimama kwenye kitambaa cha kijivu kama mlinzi wa lango. Nikamuuliza pikipiki iko wapi. Iko nje. Twende nje. Akaiegemea, mkono mmoja kwenye usukani, akaanza kunieleza jinsi alivyoilipia mkataba mpaka ikawa yake. Nilipiga alipokuwa anafika kwenye neno "yangu". Hiyo sura hata ungemlipa asingeweza kuiigiza.

Wala si uvumbuzi wangu huo. Kulikuwa na bwana mmoja pale Bamako, Mali, anaitwa Seydou Keïta, alifungua studio yake mwaka 1948. Wateja walikuja na vitu vyao na wengine walitumia vya studio: saa ya mkononi, redio, kalamu, skuta, hata gari lake mwenyewe. Alipigia uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani kwake. Filamu ilikuwa ghali, mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu, basi. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani, na ukiziangalia unaona watu waliotulia, wanajijua. Alichokuwa anawapa ni kile kile: kitu cha kushika, namna ya kukaa, na muda wa kujiona wa maana.

Kwetu pia desturi ya studio ni ya zamani. Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vizazi na vizazi vya watu wa Unguja vimepita mbele ya kamera yake. Kwa hiyo mtu akikwambia eti kupiga pozi ni ulimbukeni wa vijana wa leo, mwambie akaulize babu yake alikuwa anavaa nini siku ya kwenda studio.

Najua kuna watakaonibishia. Watasema mbona Yousuf Karsh yeye alifanya kinyume? Ni kweli. Mwaka 1941, kule Ottawa, Kanada, Karsh alimnyang'anya Winston Churchill sigara yake kubwa mdomoni, mzee akakasirika, na picha ya ile hasira ikawa maarufu mpaka ikatumika kwenye noti ya pauni tano ya Uingereza mwaka 2016. Sawa. Lakini Churchill alikuwa waziri mkuu vitani, na dunia ilitaka kumwona amekasirika. Wewe mteja wako ni mama Asha wa mtaa wa pili, anataka picha ya kumtumia mwanawe aliyeko masomoni. Ukimnyang'anya mkoba wake utapata hasira kweli, na pesa yako hutaipata.

MKONO WAKO BAKI NAO

Sasa dada zangu, hapa sogeeni karibu. Na wapiga picha wa kiume pia msikilize, hakuna ugomvi.

Shoga yangu mmoja alikwenda mahali kupiga picha za mahafali. Mpiga picha akawa kila dakika anakuja kumrekebisha. Kidevu, anakishika yeye. Bega, analivuta yeye. Mara kiuno, "kaa hivi mrembo". Mlango umefungwa, eti kuzuia mwanga. Shoga yangu akaaga kabla kazi haijaisha. Alinionyesha zile picha chache: mabega yamepanda mpaka karibu na masikio. Ukiziangalia tu unajua kuna jambo. Mwili hausemi uongo.

Kwangu sheria ni nyepesi. Sigusi mtu. Nikitaka ageuke, nasimama mbele yake na kugeuka mimi, yeye ananifuata kama kioo. Nikitaka ashushe kidevu, nashusha changu. Kola ikipinda, nywele zikikaa vibaya, ushungi ukisogea, namwambia, "Dada, kuna kitu kidogo kushoto, kioo hicho hapo." Anarekebisha mwenyewe. Mlango wetu una pazia, kufuli hatufungi. Na ukitaka kuja na rafiki, njoo naye, kiti kipo. Rafiki ndiye anayejua kukuchekesha kuliko mimi.

Na wapendanao? Usiwalazimishe. Kuna mume na mke walikuja kupiga picha ya kutimiza miaka ishirini na saba ya ndoa. Watoto wao ndio waliolipia, wakataka baba na mama wakumbatiane kama kwenye sinema. Wazee wa watu wakabaki kusimama mbali mbali kama wanasubiri basi tofauti. Heshima yao ilikuwa inawauma. Nikawaomba watoto wakatununulie soda dukani, nikawaambia wazee watembee tu polepole kutoka ukutani kuja kwangu. Hatua ya tatu, mama akaona shati la baba limekaa vibaya shingoni, akanyoosha mkono akalitengeneza bila hata kuangalia, huku akimsema. Baba akatabasamu akiangalia chini. Nikabonyeza. Miaka ishirini na saba yote ilikuwa kwenye mkono ule.

MWANGA NA RANGI YETU

Mtu anaweza kutulia kabisa, halafu mwanga ukamharibia. Jua la saa saba mchana Dar es Salaam linakaa utosini, linachimba mashimo meusi chini ya macho, na mtu anakunja uso kwa kuumia. Hapo hata umsimulie kichekesho gani. Piga asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi. Kama lazima mchana, msimamishe kwenye kivuli cha baraza, uso uangalie nje kwenye mwanga. Shuka jeupe likishikwa chini ya kifua linarudisha mwanga usoni, na halina bei ya taa.

Kwa wanaotumia simu: usimsogelee mtu mpaka karibu na pua. Ukikaribia sana pua inakua na masikio yanakimbia, halafu unamwambia ana pua kubwa. Rudi nyuma hatua mbili tatu.

Halafu kuna suala la weusi wetu. Wengi hawajui kwamba filamu za rangi hazikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kodak walikuwa na kadi ya kupimia rangi kwenye maabara za kusafishia picha, ikiitwa kadi ya Shirley, nayo kwa miaka mingi ilikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha za kila mtu. Ilifika miaka ya 1990 ndipo kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zikatoka. Kwa hiyo zile picha za zamani za harusi ambazo mjomba anaonekana meno na shati tu, usimcheke mjomba!

Hata kamera za leo zinadanganyika. Mvishe mtu mweusi gauni jeupe, kamera ikiachwa ijiamulie inaangalia gauni, uso unabaki gizani. Mpiga picha anatakiwa aongeze mwanga kwa ajili ya uso. Kosa la pili ndilo baya zaidi: kuongeza mpaka mtu anakuwa mweupe asiyejulikana, au kumpaka weupe kwenye kompyuta. Mama mmoja aliniletea picha aliyopigwa kwingine, kaisafishwa weee mpaka kovu lake la utotoni shavuni limefutika. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Si swali la utani lile. Mtu aliyekuja kwako akiwa na wasiwasi na sura yake, ukimrudishia sura nyingine, umemjibu kwamba wasiwasi wake ulikuwa wa kweli.

Mimi chunusi ya leo nitaifuta, kesho kutwa isingekuwepo. Kovu, alama, mikunjo ya macho, naviacha mpaka mwenyewe aseme.

MZEE NA FUTI YAKE

Labda unasema, dada, yote haya kwa picha tu? Ngoja nikwambie kwa nini mimi silifanyii mzaha.

Binti mmoja alimleta baba yake kutoka Mbagala. Mzee fundi cherehani, zaidi ya miaka arobaini kwenye mashine. Binti kaja na koti na tai, anataka picha moja ya heshima. Mzee kakaa, kimya, midomo imebana. Binti akatoka kupokea simu. Hapo mzee akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, anadhani sijui anaitaka ya nini. Mama yao alipofariki hatukuwa na picha. Wakakuza ya kwenye kitambulisho, wakaiweka juu ya jeneza. Watu walikuja kumzika wakamwangalia mtu mwingine kabisa. Mke wangu alikuwa anacheka yule. Yule wa kwenye picha hakuwahi kuishi kwangu."

Nilikosa la kusema. Nikamuuliza kitu kingine: katika nguo zote alizoshona, ipi ilimsumbua kuliko zote? Akafikiri. Akaanza kunieleza suti ya bwana harusi mmoja mwenye bega moja juu na moja chini, namna alivyoikata mara ya kwanza ikakataa, akaifumua usiku kucha. Wakati anaeleza, mkono ukaingia mfukoni ukatoa futi ya kupimia, akaitupia shingoni kwa mazoea bila kujua. Mdomo ukafunguka. Mikono ikawa inapima hewa.

Binti akarudi. "Baba! Toa hiyo futi, uvae koti!"

Mzee akaniangalia mimi. Nikamuuliza, "Mzee, wewe mwenyewe unasemaje?"

"Hii ndiyo mimi," akasema.

Tukapiga zote mbili. Ya koti kwa ajili ya binti, ya futi kwa ajili ya mwenyewe. Nilipowaonyesha, ya koti ilikuwa nzuri, sikatai. Kwenye ile ya futi, mzee kainua kichwa kidogo, jicho moja dogo, kama anasikia mteja anabisha hodi. Binti aliiangalia muda mrefu. Akafuta macho kwa kiganja. "Hii hii," akasema. Koti likarudi kwenye mfuko.

Mzee akatoa sharti moja: isisubiri siku ile. Ikuzwe sasa hivi, itundikwe sebuleni, na yeye aione. Ipo ukutani. Na mwenyewe yupo mzima, juzi tu kapita studio kuniletea mihogo.

Ndiyo maana nasema, mtu akikaa mbele yako kupigwa picha, anakukabidhi namna atakavyokumbukwa. Anajua, hata kama hasemi. Hofu yake ni ya haki. Huwezi kuifokea ikaondoka. Unaiondoa kwa kumwonyesha kwamba umemwona yeye, na kwamba neno la mwisho ni lake.

NA WEWE UNAYEPIGWA?

Sijakusahau. Siku ukienda studio, vaa nguo uliyokwisha kuizoea. Kiatu kipya kinachobana kinaonekana usoni. Kula kwanza. Usiende huku una haraka ya daladala.

Ukiona shingo inakaza, toa pumzi nje taratibu kama unapuliza chai ya moto, picha nzuri iko mwisho wa ile pumzi. Akina kaka hasa: acheni kuvuta kifua na kubana pumzi, mnafanana na puto. Macho yakichoka, yafumbe, hesabu mpaka tatu, yafungue. Ukisimama, uzito uweke mguu mmoja, mwingine upumzike. Kidevu kisogeze mbele kidogo kama unachungulia dirishani.

Na usiogope kusema. "Kaka, upande huu siupendi." "Naomba nione." "Hiyo usimtumie mtu." "Usinishike, nielekeze tu." Mpiga picha mzuri hatakasirika, atashukuru umemrahisishia. Akikasirika, chukua mkoba wako, studio ziko nyingi mjini.

Haya, nafasi imekwisha, mhariri wangu ananiangalia kwa jicho la pembeni. Ila nakuachia kazi ya Jumapili hii. Mama yako, au bibi, au yeyote aliyekulea, una picha yake moja iliyotulia? Si ile aliyokatwa nusu kwenye harusi ya jirani. Kama huna, chukua simu yako, mkute anapochambua mchele, kaa chini naye. Usimwambie cheka. Muulize siku ya kwanza alipofika mjini alivaa nini, halafu uwe na subira. Akikataa, muulize tena Jumapili ijayo.

Tukutane wiki ijayo, tukijaaliwa uzima.